Sare ya Kipimo Changu

Sehemu ya Tano

Uliniacha, msomaji, nimekaa sakafuni jikoni, mgongo nimeuegemeza kwenye mashine ya kufulia, karatasi za shule mbili ziko mapajani, na Shemeji kaondoka kwenda kazini baada ya kuniachia neno moja tu: "Chagua."

Kwa ambaye hakuwepo, nitasema kwa kifupi. Dada yangu alifariki akaacha watoto wawili. Mume wake ni fundi wa lifti. Alipopata mkataba wa miaka mitatu nchi ya mbali aliniomba tufuatane, nimsaidie kulea. Sikuwa na mume, sikuwa na kazi, nikafunga begi.

Tulifika katikati ya mwaka wa masomo, shule zimejaa. Miezi saba watoto wamesomea kwenye meza ya chakula. Sasa mwaka mpya unaanza, na kampuni ya Shemeji imekubali kulipia shule ya kimataifa, mradi fomu yenye jina la shule iwafikie Ijumaa. Mama yake Shemeji kila Jumapili anapiga simu: "Wapeleke bweni wakanyooke!" Lakini dada yangu, siku ya mwisho aliyokuwa na sauti, alitushika mikono, mmoja huku, mwingine huku, akasema watoto wake walale nyumbani. Kwa hiyo ni shule ya kutwa. Hilo halikuwa na mjadala.

Ilibaki ipi. Na hapo ndipo nilipofanya nilichokifanya.

Nilikuwa nimemwambia Shemeji mapema, "Mimi nimeishia darasa la saba. Shule ya kimataifa nitaijuaje?"

Akanijibu huku anafunga buti, "Mimi nina vyeti, shemeji, wewe una jicho. Lifti ikiwa na kasoro naisikia mimi. Mtoto akiwa na kasoro unamwona wewe. Nenda ukaangalie."

Basi nikaenda. Jumanne shule ya kwanza, Jumatano ya pili. Majina yao marefu siyawezi, kwa hiyo nyumbani tuliziita kwa sura. Moja iko ghorofani kwenye nyumba kuukuu, tukaiita Ngazi. Nyingine ni jengo jipya linalomeremeta kutoka chini hadi juu, tukaiita Vioo.

Nilikwenda na watoto wote wawili. Mkubwa, miaka kumi, tunamwita Wakili kwa sababu mdomo wake hauna breki, na ndiye mkalimani wangu. Kiingereza changu ni kile cha ubaoni. Chake amekiokota kwenye katuni.

Mdogo ni Tone. Ana miaka sita. Tangu siku tulipomzika mama yake, Tone huongea ndani ya nyumba tu. Akivuka kizingiti, mdomo unafungwa kama duka. Ananishika kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na huo ndio usemi wake wote mpaka turudi.

Mimi shule naikagua kama ninavyokagua nyumba ya kufanyia kazi. Naanzia chooni.

Choo cha Ngazi kilikuwa kidogo, rangi imebanduka, lakini kikavu, na sabuni ipo. Bawabu aliwasalimia watoto mmoja mmoja kwa majina, na aliyefunga vibaya vifungo vya koti alirudishwa avifunge upya. Hakukuwa na bwawa la kuogelea. Uwanja ulikuwa kama sebule.

"Mama mdogo," Wakili akaninong'oneza, "hapa ukipiga mpira unaufuata barabarani."

Mwalimu wa wadogo alikuwa mzee mwembamba, sweta limetoboka kiwikoni. Nikamsukuma Wakili amweleze kuhusu Tone. Wakili akaeleza, na kwa jinsi mikono ilivyokuwa ikirushwa najua alitia chumvi. Mzee akaitikia kwa kichwa, basi. Hakumwinamia Tone, hakumshika kidevu. Alikaa chini kwenye zulia, akamwaga boksi zima la penseli butu, akaweka kichongeo kimoja mbele ya Tone na kingine akabaki nacho.

Akaanza kuchonga.

Dakika tano. Kumi. Wakili akaanza kuhema. "Mama mdogo, huyu mwalimu yuko sawa kweli?"

"Nyamaza."

Baada ya muda Tone akaachia kidole changu. Akakaa chini. Akachukua penseli nyekundu. Walichonga nusu saa, hakuna aliyemsemesha mwenzake, mpaka maranda ya penseli yakafanya kilima kati yao.

Tulipofika nyumbani, wakati namvua viatu, Tone akasema, "Yule anajua kunyamaza."

Nikabaki na kiatu mkononi.

"Zile za bluu nitamalizia siku nyingine," akaongeza, akaenda zake kunywa maji.

Msomaji, kama ningekuwa mtu mwema, hadithi ya wiki hii ingeishia hapo. Ningeandika Ngazi, tungekula, tungelala.

Lakini Jumatano tukaenda Vioo.

Kabla sijakupeleka huko, naomba ujue jambo moja kuhusu maisha yangu ya miezi hiyo saba. Tunakaa ghorofa ya sita. Majirani ukikutana nao wanaangalia funguo zao. Dukani unachukua, unaweka, unapita, hakuna anayekuuliza umeamkaje. Shemeji akirudi amechoka, na maneno yetu ni ya chumvi na sabuni. Lifti ya jengo letu ina sauti ya mwanamke anayetaja ghorofa. Ghorofa ya tatu. Ghorofa ya nne. Siku moja alipotaja ya sita nikajikuta nimemwambia, "Asante, dada." Milango ikafunguka, ikafunga, na mimi bado nimesimama ndani nikimsubiri aitikie.

Ndivyo nilivyokuwa nilipoingia Vioo.

Ukumbi wa mapokezi ulikuwa na bendera za nchi nyingi, sakafu unajiona ndani yake. Wakili alipoliona bwawa alisimama wima kama askari. "Mimi nimeshaamua," akasema. Tulikuwa wazazi kama kumi tunaotembezwa. Dada wa mapokezi, kasuka vizuri, kavaa vizuri, mchangamfu kupita kiasi, akamwinamia Tone mbele ya wote.

Akamuuliza jina. Kimya.

Akamuuliza tena, kwa kuimba, huku anapiga makofi. Wazazi wakageuka. Mara ya tatu akaweka mkono sikioni kuonyesha kwamba anasubiri kwa hamu. Kila mtu akatabasamu, kila mtu akangoja.

Kidole changu kilibanwa mpaka kikafa ganzi. Kisha nikasikia maji. Soksi za Tone zikabadilika rangi, na kwenye ile sakafu ya kujionea uso pakatokea dimbwi.

Sikufikiri. Nilivua kitambaa changu cha kichwani nikapiga magoti nikaanza kufuta. "Usijali, mwanangu, ni maji tu. Maji yanafutika."

Nyuma yangu sauti ikasema, kwa Kiswahili, "Acha, mdogo wangu, acha. Utaniachisha kazi hapa."

Nikageuka. Mwanamke mnene, ndoo mkono huu, dekio mkono ule, anacheka kwa mabega.

Nikalia. Hapohapo chini. Sikujua kama machozi yangu yalikuwa karibu hivyo.

"Haya, na wewe usiongeze maji," akasema. "Hili dekio moja."

Nitamwita Dada Ndoo. Alitupeleka nyuma, kwenye chumba cha wafanyakazi, akaikosha sketi ya Tone, akaikausha kwenye kile kimashine cha upepo cha chooni, huku anaongea bila kupumua. Ana miaka minane hapa. Magoti yanamsumbua. Mume alimkimbia na kisafisha zulia. "Mume sikumtafuta," akasema, "ila ile mashine ilikuwa nzuri!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Miezi saba sikuwa nimecheka na mtu mzima.

Wakati tunacheka, kitoto fulani cha chekechea kilikuwa kimejifungia chooni, kinapiga kelele, na walimu wawili wamekwama mlangoni. Nikachukua taulo, nikalifunga masikio ya sungura, nikampitisha sungura chini ya mlango. Kelele ikakatika. Sungura akapiga chafya. Mlango ukafunguka.

Nyuma ya wale walimu alikuwa amesimama mama mmoja wa makamo, ufunguo shingoni. Akamuuliza Dada Ndoo jambo. Dada Ndoo akaniangalia, macho yamemtoka.

"Huyu ni Msimamizi wetu. Anauliza ulifanya kazi chekechea gani."

"Mwambie sijafanya popote."

"Simwambii hivyo mimi." Akamwambia vingine, na mpaka leo sijui alimwambia nini. Kisha akanigeukia. "Anataka msaidizi wa darasa la wadogo. Saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Huwa wanachukua walezi wa watoto wanaosoma hapahapa, sababu karatasi zao zinajulikana. Watoto wako wakiingia, na wewe umeingia. Halafu mchana tunakula pamoja. Meza moja, wanawake saba. Wawili wanaongea kama sisi!"

Meza moja. Wanawake saba. Aliendelea kueleza mambo ya likizo na mambo ya viatu, lakini mimi masikio yalikuwa yamebaki pale mezani.

Tone alikuwa amekaa juu ya boksi la karatasi za chooni, amevaa sketi yenye joto, ananiangalia.

Jioni hiyo Shemeji alirudi saa kumi na mbili, grisi kwenye kucha. Nikampakulia wali. Akanawa, akakaa, akaniambia kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali:

"Haya, shemeji. Jicho limeona nini?"

Nilikuwa nimejiandaa tangu nikiwa kwenye basi. Nikasema Vioo ni kubwa. Nikasema kuna maktaba, kuna bwawa, kuna watoto wa kila rangi. Yote ni kweli. Sikusema hata uongo mmoja, msomaji, ndiyo maana nasikia aibu hivi. Nilikata tu vipande nilivyotaka nikaviacha vingine jikoni.

"Na ile ya Ngazi?"

"Uwanja mdogo. Rangi imebanduka."

"Na Tone aliwaonaje?"

Kijiko cha Tone kikasimama.

"Tone..." nikasema. "Tone atazoea."

Shemeji akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akaitikia. "Kama wewe umeona hivyo, mimi nitabishana na nini?" Akaendelea kula. Aliniamini kwa wepisi huo, kama unavyokanyaga ndani ya lifti bila kuuliza kama kamba ipo.

Baadaye nilikuwa naosha vyombo, Wakili anafuta.

"Mama mdogo."

"Nini."

"Hukumwambia habari ya dimbwi."

"Na wewe pia hukumwambia."

"Mimi sikuulizwa." Akafuta sahani ileile mara mbili. "Mimi nataka bwawa. Wewe unataka nini?"

Ningemjibu nini mtoto wa miaka kumi? Kwamba nataka mtu wa kuniambia "mdogo wangu"? Nikamwambia sahani imeshakauka.

Alhamisi nzima Tone hakunisemesha. Ndani ya nyumba, pale ambapo huwa anaongea, hakunisemesha. Nilimchana nywele, akakaa. Nilimpa uji, akanywa. Nikamwambia, "Tone, kule nitakuwa karibu na wewe. Nitakuwa mlango wa pili tu." Akashuka kwenye kiti akaenda kwenye droo ya kabati, akatoa penseli zake zote, akazipanga mezani. Zilikuwa zimechongwa zote. Akazirudisha.

Ijumaa asubuhi Shemeji akanishangaza. Alikuwa amevaa shati jeupe.

"Nimeomba ruhusa. Nataka niione hiyo shule, watugongee muhuri, fomu niipeleke mwenyewe ofisini."

Moyo ukashuka ghorofa sita bila lifti.

Kwenye lifti yenyewe, yule mwanamke akataja ghorofa. Shemeji akainamisha kichwa. "Huyu anachelewa kidogo," akasema. "Kuna kitu kimelegea." Nikaangalia viatu vyangu.

Vioo palikuwa kama juzi, sakafu inang'aa, bendera zimenyooka. Dada wa mapokezi akatukumbuka, akatupungia. Nilimwona Tone anaiangalia ile sehemu ya sakafu. Alipapitia kwa mbali, akapazunguka, kama vile pana shimo.

Shemeji alimwona pia. Akaweka fomu ya kampuni juu ya meza. Ilikuwa na mstari mmoja mtupu, wa jina la shule. Akafungua kalamu.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa.

"Mdogo wangu!" Dada Ndoo alikuja mbiombio licha ya magoti yake mabovu, uso umejaa furaha, mkononi kakumbatia nguo ya kijani iliyopigwa pasi. "Nilijua utakuja! Msimamizi ameshakutolea sare. Ilikuwa ndefu, nikaipunguza mwenyewe jana. Nilikupima kwa macho tu, uone kama nimekosea!"

Akaikunjua. Upindo ulikuwa umeshonwa kwa mkono, nyuzi ndogondogo, sawasawa. Nilijua bila kuijaribu kwamba itanifika pale inapotakiwa. Tangu dada yangu alipokufa hakuna mtu aliyekuwa amenitazama muda wa kutosha kujua urefu wangu.

Kalamu ya Shemeji ilikuwa imesimama hewani.

"Sare ya nani?" akauliza.

Dada Ndoo akamwangalia, akaniangalia, cheko likaanza kumpungua. "Kwani... hamjaongea?"

"Shemeji," nikaanza, "nilitaka..."

"Nimeuliza sare ya nani."

Wakili, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alikuwa anasoma bendera moja baada ya nyingine.

Na Tone akaniachia kidole.

Akatembea mpaka katikati ya ukumbi, akasimama palepale alipokuwa anapakwepa, viatu viwili pamoja. Nilidhani ataanguka. Nikapiga hatua.

"Baba," akasema.

Kwa sauti. Nje ya nyumba. Kwa mara ya kwanza tangu makaburini.

"Hapa waliniuliza jina mpaka nikajikojolea. Kule hawakuniuliza kitu."

Shemeji akaweka mkono mdomoni. Dada Ndoo akasema "Jamani" kwa chinichini. Dada wa mapokezi, ambaye hakuelewa hata neno, akaruka kwa furaha, akapiga makofi, akasema maneno mengi kwa haraka.

"Anasemaje huyo?" Shemeji akauliza bila kumgeukia.

Wakili akameza mate. "Anasema, mmeona? Ameongea. Anasema shule yao ndiyo imemfungua."

Hakuna aliyecheka.

Nilitegemea Shemeji anigombeze. Ningefurahi angenigombeza, ningejua pa kushika. Badala yake aligeuza kalamu, akanielekezea upande wa mshikio.

"Niliomba jicho lako," akasema. "Sikuomba shule kubwa wala ndogo. Mama yao alikuwa akisema kuhusu wewe: ukiona kitu, unakiona chote, unakisema chote. Sasa niambie ulichokiona, chote, halafu andika wewe. Mimi nitasaini kilichoandikwa."

"Shemeji, andika tu wewe..."

"Hapana. Mimi kuanzia kesho niko juu ya nyaya mpaka usiku. Wewe ndiye utakayewapeleka na kuwachukua. Andika ambacho utaweza kukiangalia kila asubuhi."

Dada Ndoo hakuwa ameondoka. Ndoo yake kaiacha mlangoni. Alikuwa bado ameinyoosha ile sare kwangu, lakini sasa kwa woga, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. "Ijaribu hata mara moja, mdogo wangu," akasema taratibu. "Nimeishona huku magoti yananiliza."

Upande huu kalamu, upande ule nguo ya kijani. Na mikono mimi ninayo miwili kama watu wote, lakini wa kushoto haukuwa wangu tena, kwa sababu Tone alikuwa amesharudi, bila haraka, akakitafuta kidole chake kidogo, akakishika.

Hakunitazama. Alikuwa anatazama mkono wa kulia.

Nikaunyoosha.